Simu ikilia, moyo unaruka

Shikamoo anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Naomba jina langu lisitokee maana wateja wangu wengi wanakusoma.

Tatizo lilianza mwezi wa nane. Nilikuwa kwenye mashine nashona pindo la sketi, simu ikalia mezani. Nilishtuka mpaka mguu ukakandamiza pedali, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada. Hakuna aliyenitisha, ni simu tu. Tangu siku hiyo kila simu ikilia moyo unaruka, viganja vinatoka jasho, naiacha iite mpaka ikatike. Usiku ndiyo balaa. Nalala saa sita, ikifika saa tisa niko macho kama nimeamshwa na mtu. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, naona kabisa leo nakufa na watoto wako chumba cha pili hawajui. Baada ya hapo ni mawazo: nguo za watu, ada ya Januari, kodi ya fremu, mpaka jogoo anawika.

Hospitali nimekwenda mara mbili. Wamepima presha, sukari, wingi wa damu, malaria, na moyo kwa ile mashine ya kubandika waya kifuani. Vyote vizuri. Daktari akaniambia, "Mama, huna ugonjwa, ni mawazo tu. Punguza mawazo." Nilitoka pale nimekasirika, maana ningejua kuyapunguza si ningekuwa nimeshayapunguza? Jirani yangu anasema nimetupiwa kitu, twende nikaombewe kwa mtu anayemjua. Rafiki yangu wa sokoni kanifundisha kumeza piritoni mbili usiku. Bado naamka saa tisa, na asubuhi kichwa kizito kama gunia la mkaa.

Anti, nikufiche wewe nimwambie nani? Mwezi wa sita nilikopa laki sita kwa hawa wa kausha damu ili ninunue mashine ya overloki. Marejesho kila Jumatatu. Nikakwama wiki mbili, nikachukua mkopo wa kwenye simu kulipia ule wa kwanza. Huo nao nikachelewa siku nne, wakatuma meseji kwa watu waliomo kwenye simu yangu, hadi mwalimu wa mwanangu, kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, nyumbani anakaa siku tatu nne kwa mwezi. Sijui kama na yeye ilimfikia. Hajasema kitu, na mimi siulizi. Si mkali, hajawahi kuninyanyulia mkono, ila mwaka 2021 dada yake alibebewa vyombo vya ndani na watu wa namna hiyo, akaapa kwamba mkopo hautaingia nyumbani kwake.

Ili nijikwamue napokea kila kazi na kuchukua advansi. Nashona usiku, najisukuma na enaji, kopo moja kila siku saa nne usiku. Sasa hivi nina magauni kumi na manne ya kicheni pati ya Jumamosi ijayo, niliyokwisha kukata ni saba.

Naomba unielekeze vitu ninavyoweza kufanya hapa hapa nilipo nipate utulivu. Hela ya kuzunguka kwa wataalamu sina, na muda sina.

Fundi wa Kihonda

* * *

Marahaba mwanangu,

Pole ya kidole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi. Nimepiga mstari chini ya sentensi moja, nayo siyo ya moyo kwenda mbio. Nitaifikia, usiwe na haraka.

Tuanze na hiyo saa tisa, kwa sababu inakutisha kuliko inavyostahili. Daktari hakukosea aliposema ni mawazo. Alikosea kuweka "tu". Mtu akipata hofu, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukadunda, pumzi ikawa fupi, damu ikakimbilia kwenye misuli ya miguu. Mwili umejiandaa kumkimbia chui. Sasa chui hayupo, iliyopo ni meseji ya mkopeshaji, na wewe umelala chini ya neti. Nguvu yote ile inabaki humo ndani inakutikisa. Ni kitu cha kweli, unakisikia kifuani kwa sababu kipo kifuani, ila hakiui. Hali hiyo hupanda, mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Ukijua hivyo tu, usiku wa leo utaamka ukiwa na hofu moja badala ya mbili.

Hata hivyo siku ukipita tena hospitali, waulize kama wanaweza kukupima tezi ya shingo, ile ya goita. Ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta moyo kwenda mbio, jasho na kukosa usingizi, na katika vipimo ulivyoniorodheshea sikuiona. Na kama siku moja kifua kitauma maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, au ukaanguka ukazimia, hapo usinisome mimi, panda bodaboda uende.

Sasa nijibu swali: hilo kopo la enaji la saa nne usiku ulilitaja kama kitu cha kupita njia, kwa nini? Kopo la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi za kafeini, na mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuondoa nusu yake. Hesabu na vidole. Saa nne unakunywa, saa tisa nusu bado inazunguka kwenye damu, na ni saa zile zile mwili wenyewe unapoanza polepole kuamsha homoni za asubuhi. Unaamshwa na kopo, mwanangu, halafu mawazo yanakukuta uko macho, yanakaribia na viti. Acha enaji kabisa. Ukiacha ghafla kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu, kunywa maji, kitapita. Chai ya rangi na kahawa, mwisho saa nane mchana. Piritoni nazo warudishie wenye mafua. Ile ni dawa ya aleji, kusinzia ni athari yake ya pembeni, na huo uzito wa asubuhi ni mabaki yake. Mtu mwenye usingizi mbele ya cherehani ya umeme atashona kidole kingine. Na kuna watakaokwambia kuna vidonge vikali zaidi vya usingizi pale duka la dawa, watakuuzia bila cheti. Kataa. Vile mtu huanza na kimoja akajikuta hawezi kulala bila viwili.

Ukiamka, usipigane na mawazo. Shughulika na pumzi, kwa sababu hiyo ndiyo kamba pekee ya moyo unayoweza kuishika kwa mkono. Jaribu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mapigo. Vuta pumzi kwa pua. Sikiliza: yameongeza mwendo kidogo. Itoe taratibu sana, kama unapuliza uji usimwagike. Yamepungua. Kwa hiyo kazi ni kufanya kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta: vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu saba, dakika tano. Tumbo ndilo linyanyuke, mabega yatulie. Zoezi hili lifanye pia mchana ukiwa huna shida yoyote, ukisubiri pasi ipate moto kwa mfano. Usiku si wakati wa kujifunza kitu kipya.

Hukuniambia dini yako, lakini kama una rozari nyumbani, au tasbihi, ichukue. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kwamba watu waliosali rozari kwa Kilatini walijikuta wanapumua kama mara sita kwa dakika, bila kuambiwa wapumue vipi, na moyo na mishipa vikafuata mwendo huo. Bibi zetu hawakuhitaji mashine kujua kwamba sala ya polepole inatuliza. Angalizo langu ni hilo neno polepole. Kuna watu husali kama wanakimbiza daladala.

Na kama dakika ishirini zimepita hujalala, toka kitandani. Kitanda kisizoee kuwa uwanja wa mahangaiko. Usiguse simu, usiguse cherehani. Tafuta kazi ya mikono isiyo na akili. Mimi mwaka niliostaafu ualimu mafao yalichelewa miezi saba, na mzee wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kila usiku nilikaa jikoni na ungo, nachambua mchele. Chuya huku, mawe huku. Vidole vikipata punje ya kutafuta, kichwa kinanyamaza kidogo, na kabla sijamaliza kilo moja nilikuwa napiga miayo. Wakwe zangu mpaka leo wanasema hawajawahi kula wali msafi nyumbani kwangu kama mwaka ule.

Mawazo yenyewe huwezi kuyafukuza. Ukimwambia mtu asiwaze nyani, atawaza nyani. Ila unaweza kuyapa zamu. Chukua daftari lako la vipimo, geuza nyuma. Kila siku saa kumi na moja jioni, si usiku, kaa dakika kumi na tano uandike kila kinachokukera, kimoja mstari mmoja. Pembeni yake andika kitu utakachofanya kesho, au kama hakuna cha kufanya, weka alama ya mkwaju (/) uendelee. Ukimaliza funga daftari. Saa tisa mawazo yakija yaambie yamo kwenye daftari, yarudi saa kumi na moja. Najua unacheka. Wiki ya kwanza hayatakusikia. Endelea tu, zoezi hili wataalamu wanalitumia tangu miaka ya 1980 na halina gharama zaidi ya kalamu.

Kutembea usikudharau. Fundi anakaa amejikunja kutwa, mabega yamepanda masikioni, na mwili uliojikunja unaamini kuna hatari. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kwa wiki, yaani dakika ishirini na kitu kwa siku. Msindikize mtoto shule kwa miguu na urudi kwa njia ndefu, huku Uluguru unauona mbele yako asubuhi ukiwa na wingu lake kichwani. Hiyo adrenalini ya chui ndiyo kazi yake, itumie.

Simu: zima mlio wakati wa kushona, weka saa mbili kwa siku za kupokea na kurudisha simu za wateja, sema saa sita mchana na saa kumi jioni, waandikie kabisa kwenye kibao mlangoni. Kila mara unapoiacha iite mpaka ikatike, unaufundisha moyo kwamba umeponea chupuchupu, na kesho utaruka zaidi. Ukipokea kwa saa uliyochagua mwenyewe, inaanza kuwa simu tena.

Haya. Sentensi niliyoipigia mstari ni hii: "Hajasema kitu, na mimi siulizi."

Pumzi, mchele, rozari, vyote nilivyokupa hapo juu vitakushusha presha ya usiku huu. Lakini nikikuachia hapo nitakuwa nimekupa ndoo ya kukinga maji huku bati linavuja. Wewe simu haikutishi kwa sababu ni simu. Inakutisha kwa sababu kila inapolia, unaulizwa kama leo ndiyo siku mume wako amejua. Laki sita zinalipika. Kusubiri kukamatwa usiku na mchana, kwa miezi, hakuna mwili unaokuweza. Na nikuambie kitu kingine: huenda alishaipata hiyo meseji, naye anasubiri umwambie, anaendesha lori na kitu hicho kifuani. Siwezi kuapa. Lakini mwanamume aliyefikiwa na habari kama hiyo akakaa kimya hajaandaa fimbo. Pengine haoni aanzie wapi, kama wewe.

Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2006 alitaka kuwasaidia watu wa Mbare, mtaa wa watu wa kawaida pale Harare, akakosa vyumba na wauguzi. Alichopewa ni akina bibi kumi na wanne na nafasi ya nje. Akawafundisha, wakawekewa mabenchi ya mbao chini ya miti, wakakaa na watu wenye kile Washona, kabila la huko, wanachokiita kufungisisa, kuwaza mno. Mwaka 2016 matokeo yakatoka kwenye jarida la JAMA la Marekani: waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na bibi hawagawi vidonge. Wanakuacha utoe yote, kisha wanakuuliza, katika haya, tuanze na lipi? Moja. Ukilipatia njia hilo, mengine yanaanza kulegea.

Lako la kuanzia ni mume. Usimwambie kwa simu akiwa anapandisha Kitonga na kontena nyuma. Usimwambie usiku wa kwanza amerudi, ana vumbi na njaa. Subiri ale, alale, asubuhi yake watoto wakiwa shule, kaa naye ukiwa na daftari lenye namba zote: ulichokopa, ulicholipa, kilichobaki, na overloki inaingiza kiasi gani kwa wiki. Sema maneno machache. "Baba watoto, nilikopa mwezi wa sita bila kukuambia kwa sababu niliogopa. Nimekosea kukuficha. Hesabu hii hapa, naomba tuitazame wote." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, utataka kujitetea, usijitetee. Atakasirika, na ana sababu, kwa dada yake aliona vyombo vinatoka mlangoni. Mwache akasirike. Ukiona utaogopa kuwa peke yako, muombe mtu mzima anayemheshimu awepo, msimamizi wenu wa ndoa kwa mfano, hiyo ndiyo kazi aliyokula pilau kwa ajili yake.

Kuhusu wakopeshaji, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Angalia kama wako wamo. Deni lako utalilipa, hilo halina mjadala, lakini kuwatumia meseji watu wa kwenye simu yako ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Hifadhi zile meseji, muombe hata yule mwalimu akurudishie yake. Na usikope pa tatu kulipa pa pili.

Jirani yako na maombezi yake: ukipenda kuombewa kaombewe, sala ya watu wanaokupenda ni nzuri. Ila ukisikia neno sadaka maalumu ya kufungua kifungo, au ukaanza kutajiwa jina la mbaya wako, chukua mkoba wako. Huna nafasi ya deni la tatu wala ya adui mpya.

Jipe wiki tatu. Kama hulali, huli, umeanza kuona maisha hayana maana, au wazo la kujidhuru limepita hata mara moja, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kliniki ya afya ya akili. Uliniambia huna hela ya kuzunguka, sikutumi kuzunguka, nakutuma mlango mmoja. Wazo hilo likija, mwambie mtu saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa.

Yale magauni. Hayatakwisha kumi na manne hadi Jumamosi, unajua na mimi najua. Saba uliyokata yashone wewe. Saba yaliyobaki, pamoja na vitambaa na karatasi ya vipimo, mpelekee fundi mwenzako leo jioni, mgawane advansi. Na huyo mwenye kicheni pati mpigie wewe kwanza, kabla hajakupigia.